Hesabu ya Makaa: Mwongozo wa Kuendesha Manowari, Chelezo na Ugavi katika Mchezo wa Vita vya Pwani, 1914–1915

Mchezaji mgeni akipewa raundi ya kwanza huagiza manowari. Raundi ya pili huagiza nyingine. Ikifika raundi ya tano ana vizibo vingi (hivyo ndivyo meli zake) vimejipanga baharini vizuri, na hakuna hata kimoja kinachoweza kusogea, maana ghalani makaa yamekwisha na meli ya kuyaleta hakuikumbuka. Mpinzani wake, mwenye manowari moja na hesabu nzuri, anamzunguka anavyotaka.

Mwongozo huu ni wa kukuepusha na hali hiyo. Mchezo wenyewe utautengeneza kwa mkono, kwa vitu vinavyopatikana Kariakoo bila kuhangaika, na vita utakavyocheza vilipiganwa kwenye pwani yetu, kuanzia Mombasa hadi mdomo wa Ruvuma. Tarehe na majina ya meli ni ya historia. Idadi ya makaa, vipuri na mizigo ni kanuni za mezani tu. Usizichukue kuwa takwimu za vita.

Kwa nini uanze na ghala

Manowari ya Kijerumani Königsberg ilifika Dar es Salaam Juni 1914, nahodha wake akiwa Max Looff. Ilikuwa na mizinga 10 ya sentimita 10.5 na mbio zilizowashinda Waingereza wengi waliokuwa Bahari ya Hindi. Tarehe 31 Julai ikatoka bandarini kabla haijazuiwa. Kwa silaha na kasi haikuwa na shida. Shida ilikuwa tumboni: meli ya mvuke hula makaa ya mawe kila saa, na koloni la Wajerumani halikuwa na akiba ya kuilisha kwa muda mrefu. Waingereza walilijua hilo, wakanunua makaa yaliyokuwapo kwenye bandari za Msumbiji ya Wareno ili yasimfikie adui.

Tazama jinsi vita vya Königsberg vilivyokwenda. Agosti 6 iliikamata meli ya biashara City of Winchester karibu na Omani, na kilichotafutwa humo kabla ya kuizamisha kilikuwa makaa. Ikakutana na Somali, meli yake ya ugavi, ikajazwa. Ikaingia delta ya Rufiji. Septemba 20, 1914 ikatoka na kuizamisha Pegasus bandarini Zanzibar, wakati manowari hiyo ya Kiingereza imetia nanga kwa matengenezo ya mitambo. Baada ya ushindi huo mtambo wa Königsberg wenyewe ukaharibika. Ikarudi Rufiji, vipande vya mtambo vikapelekwa kwa nchi kavu hadi karakana ya Dar es Salaam, vikarudishwa kwa njia ileile. Mwisho wa Oktoba ikagunduliwa imejificha mle deltani, na haikutoka tena hadi ilipoangamizwa Julai 11, 1915.

Kwa hiyo kwenye mchezo huu usiulize "niongeze meli gani?" kabla hujauliza "hii niliyonayo itakula nini, itatengenezwa wapi, na nani ataibebea mzigo?"

Vifaa

- Karatasi ya manila moja kubwa na kalamu ya maka.
- Vizibo vya soda 12. Manowari kiache juu, meli ya shehena kigeuze chini.
- Maharage, kikombe kimoja: kila moja ni kipimo 1 cha makaa.
- Njiti za kiberiti: vipuri. Zilizovunjwa nusu: alama za uchakavu.
- Punje za mahindi: kila punje ni kikundi 1 cha wapagazi. Punje za mchele: chakula chao.
- Dadu moja ya ludo, daftari mbili, na mwamuzi mmoja.

Vizibo utavipata kwa muuza soda yeyote kuanzia Mtaa wa Msimbazi hadi Kongo. Wacheza drafti huvigombania, basi omba mapema. Kuhusu rangi, nakushauri usigawe pande kwa nyekundu na kijani. Katika mtaa wenye klabu ya Simba, na Jangwani hapo jirani, mchezo utageuka mjadala wa ligi kabla hata makaa hayajahesabiwa.

Ramani na pande

Chora maeneo 6 ya bahari yaliyopangwa kutoka kaskazini kwenda kusini: Mombasa, Tanga, Unguja, Dar es Salaam, Rufiji na Mafia, kisha Kilwa hadi Ruvuma. Eneo la 7, Bahari Kuu, liguse yote. Nchi kavu chora njia ya miguu kutoka Rufiji hadi Dar es Salaam, ikiwa na kituo kimoja katikati. Reli usiiweke hapo. Reli ya Tanga ilikwenda Moshi na ya Dar es Salaam ilikwenda Kigoma. Zote zilipanda bara, hakuna iliyofuata pwani.

Raundi moja ni mwezi mmoja. Mchezo una raundi 12, kuanzia Agosti 1914 hadi Julai 1915.

Upande wa Bara (Wajerumani): manowari 1 yenye makaa 8, meli ya makaa 1, akiba ya makaa 20 iliyofichwa Rufiji, karakana ya Dar es Salaam inayotoa kipuri 1 kila raundi, na vikundi 6 vya wapagazi.

Upande wa Mzingiro (Waingereza): manowari 3, meli ya makaa 1, na makaa 10 yanayoshushwa kila raundi, 5 Mombasa na 5 Unguja.

Mzingiro unashinda ukiizamisha manowari ya Bara kabla raundi ya 12 haijaisha. Bara inashinda ikibaki hai. Bara ikibaki hai na pia imezamisha japo manowari moja, mwenye Mzingiro anunue chai.

> SANDUKU: KANUNI ZA MATUMIZI
>
> Manowari: makaa 2 kwa kila eneo, mwisho maeneo 4 kwa raundi, hubeba makaa 8.
>
> Meli ya shehena: kaa 1 kwa kila eneo, mwisho maeneo 2 kwa raundi, hubeba makaa 12, na yake ya kuunguza hutoka humohumo. Husogezwa kabla ya manowari.
>
> Kukaa mahali moto ukiwaka: kaa 1. Kuzima moto: bure, lakini raundi hiyo meli haisogei.
>
> Kujaza makaa baharini: meli mbili katika eneo moja lisilo na adui, iliyojazwa haisogei tena raundi hiyo.
>
> Uchakavu: alama 1 kila raundi manowari inapopita maeneo 3 au zaidi, alama 1 nyingine kila inapojazwa makaa yaliyotekwa. Alama 3, mtambo unasimama.
>
> Pambano: kila upande dadu moja. Mwenye makaa chini ya 2 hupunguza 1. Aliyezima moto hupunguza 2. Tofauti ya 3 au zaidi, mdogo anazama. Chini ya hapo, mdogo anapata alama 1 ya uchakavu.

Hatua za kila raundi

Fuata mpangilio huu kila mara. Ukianza kusogeza meli kabla ya kuhesabu, utajikuta unahesabu ili kuhalalisha ulichokwisha kufanya.

1. Hesabu maharage yote: ya ghalani, ya kwenye meli ya makaa, ya kwenye manowari. Andika daftarini.
2. Lipa chakula cha wapagazi walio njiani.
3. Tenga makaa ya kurudi ya kila meli iliyo nje. Hayo hayaguswi.
4. Amua meli ipi inazima moto na kutengenezwa.
5. Andika maagizo ya meli mpya na mpe mwamuzi.
6. Sogeza meli za shehena, kisha manowari.
7. Pambana, kama kuna wa kupambana naye; manowari iliyobakiza maeneo huendelea na safari.

Hesabu ya safari moja

Hapa ndipo mchezo unapochezwa, basi tuifanye hesabu hii polepole. Wewe ni Bara, uko Rufiji, unataka kumvamia adui Unguja kama Looff alivyofanya.

Kutoka Rufiji hadi Unguja ni maeneo 2: Dar es Salaam, kisha Unguja. Kwenda na kurudi ni maeneo 4. Mara makaa 2, ni 8. Ongeza akiba ya 2 kwa ajili ya dharura, ni 10. Manowari yako inabeba 8.

Una njia tatu. Ya kwanza ni kuondoka bila akiba, ukiomba usikutane na mtu njiani. Utafika Rufiji tangi tupu, na ukikutwa siku hiyo dadu yako inapunguzwa. Ya pili ni kuacha safari. Ya tatu, itumiayo akili, ni kuitanguliza meli ya makaa. Isogeze hadi eneo la Dar es Salaam, imekula 1. Manowari inapita hapo, inafika Unguja, inapambana, inarudi Dar es Salaam: maeneo 3, makaa 6, na alama 1 ya uchakavu. Inajazwa hapo. Raundi inayofuata zote mbili zinarudi Rufiji, manowari ikila 2 na meli ya makaa 1.

Jumla ni makaa 10. Una 28 kwa mchezo mzima. Uvamizi mmoja umekula zaidi ya theluthi, na ukipanga kufanya mitatu umejimaliza mwenyewe kabla Mzingiro haujakugusa. Hesabu nyingine ya haraka: ukizurura maeneo mawili kila raundi, unaunguza 4, 28 ukigawanya kwa 4 ni raundi 7, na mchezo ni wa 12.

Ndiyo maana Bara anayejua hucheza kwa kuzima moto. Manowari iliyolala deltani haili kitu, na huku inamlazimisha adui aweke meli nje mwezi baada ya mwezi. Vijana wengi huona hivyo ni woga. Waache waone. Königsberg ilishikilia meli nyingi za Kiingereza kwa miezi zaidi ya minane bila kutoka nje ya mikoko.

Onyo kuhusu pepo. Agosti hadi Oktoba, na tena Aprili hadi Julai, kusi inavuma. Katika raundi hizo, kujaza makaa ndani ya Bahari Kuu kunahitaji dadu ya 4 kwenda juu. Ukikosa, umepoteza raundi. Miezi ya kaskazi hakuna dadu.

Chelezo, vipuri na wapagazi

Raundi ya kwanza Bara hufanya uamuzi mmoja usiorudiwa: chelezo cha Dar es Salaam kibaki au kizamishwe mlangoni mwa bandari. Kikibaki, manowari yako inaweza kuingia na kuondolewa uchakavu wote kwa raundi moja, lakini adui naye anaweza kuingia. Kikizamishwa, hakuna anayeingia, hata wewe. Agosti 1914 Wajerumani walikizamisha, na manowari yao wenyewe ikakosa bandari yake kubwa. Mimi ningekiacha, ila nakubali kwamba mpinzani mkali atakuadhibu.

Uchakavu wa alama 1 au 2 unaondoka hukohuko Rufiji: zima moto raundi nzima, tumia kipuri 1 kwa kila alama. Zikifika 3, vipande vya mtambo lazima viende karakana. Panga hivi:

1. Vipande ni mizigo 2. Tenga vikundi 2 vya wapagazi.
2. Rufiji hadi Dar es Salaam ni hatua mbili, raundi 2.
3. Karakana, raundi 1.
4. Kurudi, raundi 2.

Raundi 5 manowari imekaa bure. Kwa hiyo kipuri kilichofika Rufiji mapema kina thamani kubwa kuliko makaa 5.

Sasa wapagazi. Kikundi kimoja kinabeba vipimo 3 kwa jumla, na chakula chake kimo humohumo: kipimo 1 kwa kila raundi njiani. Safari ya raundi 2 inakula 2, mzigo wa kweli unabaki 1. Chakula kinapatikana Rufiji na Dar es Salaam, vipimo 6 kila raundi kila upande. Kikundi kikikosa chakula kinaondolewa ubaoni na mzigo unabaki porini.

Aprili na Mei ni masika, na kila hatua inachukua raundi 2 badala ya 1. Piga hesabu: safari ya raundi 4, chakula 4, uwezo wa kubeba 3. Haiwezekani kabisa, isipokuwa umeweka ghala la chakula kwenye kituo cha katikati kabla ya mvua. Liweke Februari.

Usikubali mwamuzi afute kanuni ya chakula ati inachosha. Kariakoo unaponunua vifaa vya mchezo huu ndipo palipokuwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Uingereza baada ya mji kutekwa Septemba 1916, na katika vita vile wapagazi wa pande zote walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na maradhi. Mchezo unaowafanya wapagazi kuwa bure ni mchezo wa uongo.

Ukiwa upande wa Mzingiro

Watu hudhani upande huu ni rahisi kwa sababu makaa yanaingia kila mwezi. Yanaingia Mombasa na Unguja. Adui yuko Rufiji.

Meli yako ya makaa ikitoka Unguja na 12, inakula 2 kwenda na inahitaji 2 za kurudi. Inaacha 8. Safari nzima ni raundi 2, kwa hiyo unapeleka makaa 4 kwa raundi. Manowari 3 zikilinda mdomo wa Rufiji moto ukiwaka zinakula 3. Imebaki 1. Ongeza manowari ya nne, umebaki na sifuri. Ongeza ya tano, doria yako inaanza kufa njaa ikiwa imetia nanga. Agizo lako la kwanza liwe meli ya pili ya makaa.

Agizo la pili ni Mafia. Tenga manowari 1 kwa raundi 2 kukiteka kisiwa, kama Waingereza walivyokiteka Januari 1915. Ukiwa nacho unaweza kuweka akiba hapo na kupumzisha manowari moja ikiwa imezima moto, bila kupunguziwa dadu.

La tatu ni lile ambalo wengi hulikumbuka raundi ya 11. Manowari za kawaida haziingii deltani. Maji ni machache. Unahitaji meli za kina kifupi. Waingereza walizileta Severn na Mersey, zilizojengwa awali kwa ajili ya mito ya Brazili, zikivutwa safari ndefu kutoka Malta. Zilishambulia Julai 6, 1915 zikashindwa, zikarudi Julai 11 na kumaliza kazi, ndege kutoka Mafia zikizionyesha risasi zinaangukia wapi. Katika mchezo:

- Agizo la meli 2 za kina kifupi huchukua raundi 5 na hugharimu makaa 6, yalipwe siku ya kuagiza.
- Mwisho wa kuagiza ni raundi ya 6, ili zipate nafasi ya kushambulia mara mbili.
- Bila Mafia, kila shambulio deltani linapunguziwa 2.

Meli ya msaada

Bara anaweza kuagiza meli moja kutoka Ulaya, raundi ya 6, nayo inafika ya 9. Kabla haijaondoka, andika mgawo wa mizigo yake 12: makaa mangapi, vipuri vingapi. Ikifika, rusha dadu. 4 hadi 6, imeingia salama. 1 hadi 3, imefukuzwa hadi ghubani na kuzama kwenye maji machache: makaa yote yamepotea, vipuri nusu vinaopolewa.

Kanuni hiyo imetoka kwa Rubens, iliyotumwa kuleta makaa kwa Königsberg na silaha kwa jeshi la nchi kavu. Aprili 1915 manowari ya Kiingereza Hyacinth iliikuta karibu na Tanga, nayo Rubens ikakimbilia ghuba ya Manza. Makaa hayakuifikia manowari. Risasi nyingi ziliopolewa, zikabidi zifunguliwe na kukaushwa moja moja. Basi usijaze makaa matupu.

Makosa ya kawaida

- Kuihesabu meli iliyo matengenezoni kama mlinzi. Pegasus ilikutwa hivyo.
- Kuiacha meli ya makaa bila mlinzi kwenye eneo la wazi. Somali ilichomwa moto kwa mizinga Rufiji, Novemba 1914.
- Kuteka meli ya biashara kwa furaha na kusahau kwamba makaa yake yanaleta uchakavu.
- Kuweka vipuri vyote Dar es Salaam "viko salama huko."
- Kuzamisha chelezo kisha kuomba mwamuzi akiinue.

Kagua kabla ya kumpa mwamuzi daftari

☐ Kila meli iliyo nje ina makaa ya kurudi.
☐ Najua raundi ambayo makaa yataisha nikiendelea hivi.
☐ Kipuri kimoja kiko meli ilipo.
☐ Wapagazi walio njiani wana chakula hadi mwisho wa safari.
☐ Agizo lenye kuchukua muda mrefu limetangulia.

Ukitaka kuongeza Ziwa Tanganyika

Mkishazoea, bandikeni manila ya pili. Hapa kuna uundaji hasa, maana meli haziwezi kufika kwa maji. Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa na kupakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, ikapanda reli hadi Kigoma na kuunganishwa huko. Ikashushwa majini Februari 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, Waingereza wakaiinua, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Waingereza nao walileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kwa reli na barabara kupitia Kongo. Boti hizo ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani siku moja baada ya Krismasi 1915 na kuizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann, Februari 1916.

Ongeza raundi 7, hadi Februari 1916. Götzen ni mizigo 10. Treni inabeba 2 kwa raundi, na treni hiyohiyo ndiyo inayobeba vipuri na chakula cha Bara, basi kila raundi chagua kimoja. Ikikamilika haina mzinga. Mzinga utoke kwenye manowari ya Rufiji, ambayo tangu hapo itapunguziwa 1 katika kila pambano. Boti za Mzingiro huagizwa raundi ya 11, hufika ya 17, na hazihitaji makaa, ila mwamuzi arushe dadu mara moja njiani: ikitoka 1, zimekwama mlimani na zinachelewa raundi 1.